Umeme wa 20,000 hauvuki siku nane hapa Njiro. Kifaa gani kinakula hivi?

#1 BintiMeru
Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wanisaidie, maana umeme hapa nyumbani umekuwa kodi ya pili.

Tupo Njiro, Arusha, nyumba ya vyumba vitatu, watu watano. Nanunua umeme wa 20,000 napata uniti 56, na wiki ikiisha tu mita inaanza kulia. Mwaka jana kiasi hicho hicho kilikuwa kinasogea mpaka wiki ya tatu. Bei haijapanda, nimefungua meseji zote za zamani kwenye simu nikalinganisha, uniti ni zile zile.

Vifaa: friji la milango miwili (la mtumba, tumelichukua Februari), tivii ya inchi 43 na king'amuzi, pasi, birika la umeme, hita ya bafuni, maikrowevu, pampu ya kupandisha maji kwenye tenki, na inveta yenye betri tuliyofunga kwa ajili ya umeme ukikatika. Kupika ni gesi.

Mume wangu anasema ni friji. Dada wa kazi anasema ni pasi. Mama mkwe amekuja toka Machame, Kilimanjaro, kututembelea, yeye anasema ni mita. Kila mtu ana uhakika na lake.

#2 ChaliiWaSakina
Hita ya bafuni. Uzi ufungwe.

#3 MekuKibosho
Chalii acha haraka, watu wazima hatujaongea. Mama mkwe yuko sahihi. Hizi mita za sasa zinahesabu mpaka pumzi. Ile ya zamani yenye kisahani kinachozunguka, ulikuwa unaona kabisa kinavyotambaa taratibu. Sasa hivi ni taa nyekundu inakonyeza tu usiku kucha. Na huko Machame kwa huyo mama, muulizeni: elfu moja anapata uniti nane. Binti elfu moja anapata ngapi? Mbili na kitu! Umeme ni mmoja, nguzo ni zile zile, mlima ni mmoja. Nini kingine kama si mita?

#4 FundiVolti
BintiMeru, kabla hujanunua friji jipya au kugombana na mama mkwe, pima. Mita yenyewe ni kipimo, iko ukutani kwako na hailipiwi.

Angalia usoni mwa mita, karibu na ile taa nyekundu, pameandikwa namba na "imp/kWh", yaani mikonyezo kwa kila uniti. Nyingi ni 1000, nyingine 1600 au zaidi. Kama ni 1000, maana yake taa ikikonyeza mara 1000 umekula uniti moja. Basi zima kila kitu, acha kifaa kimoja tu, hesabu mikonyezo kwa dakika nzima, zidisha kwa 60, gawanya kwa 1000. Hiyo ndiyo kilowati ya kifaa chako. Birika la wati 2000 litakupa mikonyezo 33 hivi kwa dakika. Balbu ya LED ya wati 9 utasubiri dakika karibu saba kuona mkonyezo mmoja.

Kanuni ni hii, na mafundi wenzangu watakubali: kinachotoa joto ndicho kinachokula kwa kasi. Pasi, birika, hita, jiko. Kinachotoa sauti, mwanga na picha kinakula kidogo. Ila kasi si kila kitu, muda nao unahesabu. Birika linawaka dakika tano, friji lipo kazini saa 24.

Namba yako ya simu usiweke hapa hadharani, ila majibu ya mikonyezo yalete.

#5 Mpangaji_Sombetini
Afadhali nyie mna mita yenu. Sisi hapa Sombetini tupo wapangaji wanne mita moja. Mimi nina balbu tatu, redio na chaji ya simu. Jirani wa chumba cha pili ana friji, jiko la umeme la koili, na mtoto mchanga anayechemshiwa maji mchana kutwa. Ikifika kuchanga, tunagawana sawa kwa sawa! Nikiuliza naambiwa "wewe unachaji simu usiku kucha, chaji inakula sana". Jamani chaji ya simu inakula sana kweli?

#6 FundiVolti
Mpangaji hapana. Betri ya simu ya kawaida ina kama wati-saa 15 hadi 20. Uniti moja unachaji simu mara hamsini, toka sifuri mpaka kujaa. Jiko la koili la wati 1500 linamaliza uniti hiyo hiyo kwa dakika 40. Mwonyeshe jirani huu uzi.

#7 MamaJuisi_Pasua
Habari zenu. Mimi nipo Moshi, Pasua, nauza juisi na barafu, kwa hiyo friza ndiyo ofisi yangu. Namuunga mkono mume wa BintiMeru: friji la mtumba liangalieni kwanza.

Nilinunua friza duka moja la vitu vilivyotumika, limesuguliwa linang'aa, muuzaji ananiambia "mama hili halili umeme, hili la Ulaya". Likawa linanguruma asubuhi mpaka asubuhi. Fundi wa majokofu alivyokuja hakufungua hata skrubu. Alichukua noti ya elfu mbili akaibana kwenye mlango, nusu ndani nusu nje, akafunga, akaivuta. Ikatoka kama unavuta karatasi juu ya meza. Akazunguka mlango mzima hivyo hivyo, upande wa bawaba noti inashika, upande wa mkono inateleza. Mpira ulikuwa umekauka, baridi inavuja, kompresa haipati nafasi ya kupumzika. Tukabadilisha mpira, akalisogeza mbali na ukuta kiganja kizima, akafuta vumbi kwenye ile nyavu ya nyuma. Toka hapo linanguruma, linanyamaza, linanguruma. Umeme wa biashara ukashuka mpaka nikaanza kuona faida.

Na barafu ikijaa kwenye kuta za friza ikizidi unene wa kidole, yeyusha. Usichokoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi.

#8 ChaliiWaSakina
Mama wa Pasua heshima yako, ila Moshi ni joto, friji lazima lihangaike. Huku Arusha Juni na Julai ukiacha maziwa mezani yanalala salama. Friji la Njiro linakula nini na baridi hii? Nabaki na hita.

#9 MtotoWaTemeke
Nyie watu wa kaskazini mnachekesha, yaani mnalipia maji ya kuoga? Dar tunaoga ya bomba, pesa yote tunaweka kwenye kiyoyozi.

#10 FundiVolti
Mtoto wa Temeke umegusa jambo la msingi, wala si la kucheka.

Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji nishati ile ile popote ulipo. Tofauti ni maji yanaanzia wapi. Arusha tupo mita kama 1400 juu ya bahari, na asubuhi ya Julai maji ya tenki tuseme yana nyuzi 15. Kuyafikisha 40 ni kupanda nyuzi 25. Dar maji yanakaa kwenye 27 hivi, unapanda 13 tu. Kwa hiyo ndoo ya lita kumi huku inakula karibu uniti 0.3, kule nusu yake. Mtu akihama toka Dar kuja Arusha na vifaa vile vile, bili haiwezi kuwa ile ile.

Sasa hita ya papo hapo nyingi ni wati 5500. Dakika kumi chini yake ni uniti 0.9. Kwa bei ya BintiMeru, ambayo ni kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni zaidi ya 320 kwa mtu mmoja kuoga. Watu watano wakichukua dakika kumi kumi ni uniti nne na nusu kwa siku. Hapo Chalii ana hoja.

Na nyongeza kwa usalama: wati 5500 ni ampea 24. Nakuta nyumba nyingi wamevuta hita kwa waya wa milimita 1.5, ule wa taa! Waya unachemka ndani ya ukuta. Hita iwe na waya wake mnene, milimita 4 au 6, breka yake, na ethi iliyofungwa sawasawa. Hili naomba sana, watoto wanaoga humo.

#11 HesabuZaHaki
Narudi kwenye post #3. Mzee MekuKibosho, tofauti ya uniti nane na mbili na kitu haitoki kwenye mita, inatoka kwenye daraja la bei.

Kuna D1, watumiaji wadogo wa nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti. Na kuna T1, matumizi ya kawaida: shilingi 292. Juu yake weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1. D1 inakuwa 122, T1 inakuwa 356. Kwa hiyo uniti 75 za mama wa Machame ni 9,150. Uniti 75 hizo hizo kwa BintiMeru ni 26,700 na ushee. Bibi ana balbu na redio, yupo D1. Njiro kuna hita, friji na pampu, wapo T1. Mita hazina kosa.

#12 MekuKibosho
Sawa daraja nimeelewa. Lakini BintiMeru amesema mwaka jana alikuwa anapata uniti hizo hizo 56, zinakaa. Daraja halijabadilika, uniti zinakimbia. Bado hamjaniambia kwa nini isiwe mita.

#13 KijanaWaMajengo
Kuna kodi ya jengo pia wakuu, mnaisahau. Kila mwezi wanakata elfu moja kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla.

#14 HesabuZaHaki
Elfu moja ilikuwa ilipoanza Agosti 2021. Toka Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Ila hiyo inakatwa kwenye pesa unaponunua mara ya kwanza ya mwezi, inapunguza uniti unazopata. Haiwezi kufanya uniti zilizokwisha ingia zikimbie. Mzee wa Kibosho hapo ameuliza swali zuri.

#15 Dereva_Muriet
Mimi nasema ni umeme mdogo. Huku Muriet kuanzia saa moja jioni balbu zinakuwa za njano, friji linatetemeka halishiki. Nilipima kwa kipimo cha fundi nikakuta volti 180. Umeme ukiwa mdogo vifaa vinavuta kwa nguvu, uniti zinaondoka mara mbili.

#16 FundiVolti
Dereva, nusu ya hiyo ni kweli. Kifaa cha joto kikipata volti 180 badala ya 230 kinakula kidogo, si zaidi. Birika la wati 2000 linashuka kwenye 1200. Ila sasa linachemsha kwa muda mrefu na joto linapotea njiani, mwisho uniti zinakuwa karibu sawa. Vyenye mota, yaani friji na pampu, ndivyo vinavyoteseka: vinavuta ampea nyingi, vinachemka, vinashindwa kuanza. Hapo kweli kuna hasara, lakini si mara mbili, na hasara kubwa ni kompresa kuungua. Weka friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji volti zikiyumba.

#17 Dereva_Muriet
Fundi nakuheshimu ila mita yangu naijua. Umeme ukiwa mdogo naona kabisa.

#18 Ngosha_Arusha
Kwani tuna shida gani ya umeme nchi hii? Bwawa la Julius Nyerere megawati 2,115, halafu huku kaskazini taa za njano.

#19 HesabuZaHaki
Ngosha bwawa lipo Rufiji, sisi tupo huku juu. Machi 2025 Rais akiwa ziarani Kilimanjaro alieleza kwamba kaskazini tutanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu unaosafirishwa toka kusini unapotea mwingi njiani. Bwawa letu la Nyumba ya Mungu ni megawati 8 tu. Ila umeme unaopotea kwenye nguzo hauhesabiwi kwenye mita ya BintiMeru. Mita inahesabu kilichopita ndani yake.

#20 MwalimuTengeru
Nimesoma wote, hakuna aliyeigusa inveta. Mimi nashuku hiyo. Inveta nyingi za bei nafuu zenyewe zinakula wati 20 mpaka 50 hata kama hakuna kifaa, mchana na usiku. Wati 40 kwa saa 24 ni karibu uniti moja kwa siku. Na umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, ukirudi betri inajazwa, na sehemu ya umeme wa kujazia inapotea kama joto. Betri ikizeeka inajazwa haijai. BintiMeru amesema mwaka jana uniti zilikaa. Hebu atuambie inveta aliifunga lini.

Na kitu kingine, taa za nje. Kuna jirani yangu alikuwa na taa mbili za ulinzi zile za halojeni za wati 500. Kwa saa 12 za usiku ni uniti sita kwa kila taa! Alipoweka za LED za wati 30 akadhani mita imekufa.

#21 ChaliiWaSakina
Wachaga na taa za ulinzi, ndizi zenyewe zinalindwa kwa wati 500 😂

#22 MekuKibosho
Kijana, mkungu wa ndizi unaujua bei? Endelea na loshoro yako.

#23 BintiMeru
Asanteni sana wote. Inveta tumefunga Machi, mwalimu. Friji Februari. Kwa hiyo vyote viwili vimeingia mwaka huu.

Nimefanya alivyosema fundi, mimi na mume wangu, yeye ameshika simu ya kuhesabia muda mimi naangalia taa. Mita yetu ni 1000. Matokeo:

Hita ya bafuni peke yake: mikonyezo 91 kwa dakika. Nilikuwa naiona taa kama haizimi.
Birika: 31.
Pasi: inaanza 18, kisha inakata yenyewe, inarudi.
Tivii na king'amuzi: mmoja kwa dakika hivi. King'amuzi tukikizima kwa rimoti bado ni vuguvugu ukikigusa.
Friji: mbili, saa nyingine tatu.

Nikasema basi friji halina shida, hita imeshinda. Ila tukakaa karibu nalo jioni nzima, halijanyamaza. Saa ya kwanza, ya pili, linanguruma tu. Noti ya mama wa Pasua nayo inateleza kona ya chini.

Halafu jambo lililonitisha: tumezima vifaa vyote na kuchomoa kwenye soketi, inveta pia tumeizima. Meni swichi tu ndiyo imewashwa. Taa bado inakonyeza, kama kila baada ya dakika mbili. Mama mkwe amesimama nyuma yangu akasema "nimewaambia".

#24 MekuKibosho
NIMESEMA MIMI! Mama apewe kiti.

#25 FundiVolti
Kazi nzuri sana. Twende taratibu.

Hita ni kilowati 5.5, kama ilivyoandikwa. Mkioga dakika tano tano watu watano ni uniti 2.3 kwa siku. Friji kwa mikonyezo miwili na nusu ni wati 150. Lingekuwa linapumzika nusu ya muda lingekula 1.8. Halipumziki, kwa hiyo ni 3.6. Yaani friji lako kwa siku linaishinda hita, ingawa kwa dakika ni dogo kabisa. Badilisha mpira, kisha mwite fundi wa majokofu apime gesi, maana gesi ikipungua kompresa nayo hailali.

Ile ya vyote kuzimwa: mkonyezo kila dakika mbili ni wati 30. Kwa siku ni uniti 0.7. Mzee wa Kibosho usishangilie bado. Zima meni swichi yenyewe. Taa ikisimama, mita ni nzima, kinachokula kipo ndani ya nyumba. Ikiendelea, ndipo unaenda kutoa taarifa. Kama imesimama, washa meni, kisha zima breka moja moja mpaka upate inayoisimamisha. Dau langu ni laini ya pampu: waya ukipita ardhini ukichubuka unavujisha umeme kwenye udongo, hasa mvua zikinyesha. Hiyo usiguse mwenyewe.

#26 MwalimuTengeru
Au kuna aliyejiunganishia. Nyumba za Njiro zina vibanda vya walinzi na fremu za duka upande wa barabara. Fuateni waya.

#27 MtotoWaTemeke
Fundi swali la nje ya mada. Jiko la umeme la presha, wanasema linaokoa. Kweli au matangazo?

#28 MamaJuisi_Pasua
Kweli kabisa. Ninalo. Makande ya mahindi makavu na maharage napikia humo, na haifiki uniti moja, kwa sababu likishapata presha linakata umeme na kuendelea kuiva kwa joto lililofungiwa. Kwa mkaa makande yale yale yangekula gunia. Ila uloweke usiku kucha, usiloweke usitegemee miujiza.

#29 Mpangaji_Sombetini
Mama usiseme kwa sauti, jirani yangu wa chumba cha pili atanunua na tutagawana sawa kwa sawa.

#30 BintiMeru
Tumezima meni, taa imesimama. Tukaenda breka moja moja. Ya pampu tulipoizima bado inakonyeza. Iliyosimamisha ni breka ya soketi za jikoni na stoo. Na hakuna kitu kimechomekwa pale, nimeangalia nyuma ya kabati na kila mahali. Mume wangu anasema ni waya umeliwa na panya juu ya dari, mama mkwe sasa anasema ni taa za banda la kuku la jirani. Fundi anakuja kesho asubuhi kupima.

#31 Dereva_Muriet
Akija mwambie apime na volti saa moja jioni, asipime asubuhi.

#32 FundiVolti
Kwenye soketi za stoo hakuna kengele ya geti au mashine ya uzio iliyofungwa moja kwa moja kwenye waya bila plagi? Angalieni nje ya ukuta wa stoo, upande wa geti.